OTP (namba ya siri ya kutumia mara moja) ya benki ya nyumbani haifiki huku, mnafanyaje?

Mama Wawili, Minneapolis

Wapendwa, poleni na baridi.

Nauliza wenye akaunti benki za nyumbani. Benki yangu ya Dar (siitaji, tusije kuitana mahakamani) imebadilisha programu yake ya simu. Zamani uliingia kwa neno la siri tu, ukatuma ada ya mtoto, yakaisha. Sasa kila ukigusa kitu inatuma OTP kwa meseji kwenye laini ya +255, nayo inadumu dakika mbili. Meseji ikinifikia huku, namba imeshakufa. Ukikosea mara kadhaa, akaunti inafungwa. Kuifungua? "Tafadhali fika tawini ukiwa na kitambulisho." Tawi liko Kariakoo!

Kilichonichosha zaidi ni ile sehemu ya kubadilisha namba ya simu. Kisanduku kimeshajazwa +255 na hakifutiki. Ukiandika ya Marekani, maandishi mekundu: "Namba si sahihi." Sahihi kwa nani? Naongea nayo kila siku. Na benki hiyo hiyo inatangaza akaunti ya diaspora, kuna picha ya familia imevaa makoti inacheka mbele ya theluji.

Laini ya nyumbani ninayo kwenye droo, haijawashwa siku nyingi. Nianzie wapi?

Baharia, Muscat

Shikamoo dada. Anza na hiyo laini, leo hii. Itie kwenye kitochi chochote, uone kama bado inashika mtandao. Ikishika, mwombe mtu nyumbani akurushie vocha, maana laini ikilala muda mrefu kampuni inaifunga na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Yangu nimeiacha kwenye kitochi jikoni, roaming (ya kutumia laini ukiwa nje ya nchi) niliiwasha kabla sijaondoka, data nimezima. Kupokea meseji kwa kawaida hawakukati kitu. Usije tu ukapokea simu ya shangazi, salio lote litakwenda.

Ikishafungwa ndipo kazi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Tanzania mwaka 2019, kuirudisha wanataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kidole chako mwenyewe. Na kidole hakitumwi kwa DHL.

Mjukuu wa Ujiji, Houston

Kwa mliopo Marekani: iPhone zinazouzwa huku tangu toleo la 14, mwaka 2022, hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe bila kadi. Kadi ya nyumbani haina pa kuingia. Msitupe simu za zamani. Mkienda likizo, ulizeni mtandao wenu kama unaweza kuigeuza laini iwe eSIM, na mhakikishe imewaka kabla ya kupanda ndege ya kurudi.

Fundi, Leeds

Hizi ndizo kazi zangu, kwa hiyo nivumilieni.

Meseji ni njia dhaifu kwa usalama, ndiyo maana wezi wanahangaika kuhamisha laini za watu. Programu za simu zinazotoa namba mpya kila sekunde 30 zipo miaka mingi, kanuni yake ilichapishwa 2011, na hazihitaji laini wala intaneti. Haziulizi uko Mbagala au Minnesota. Benki ingetoa hiyo kama chaguo la pili, mada hii isingekuwepo.

Halafu ule utaratibu wa kukulazimisha ubadilishe neno la siri kila baada ya miezi mitatu! NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri mwaka 2017 watu wasilazimishwe kubadilisha kwa ratiba tu, ila pale panapokuwa na dalili kwamba neno limevuja. Ilisema pia watu waruhusiwe kunakili na kubandika (copy-paste) neno la siri. Bado kuna mifumo inayokataa, mtu anaishia kuliandika kwenye karatasi na kulibandika kwenye friji.

Dada, waandikie kwa barua pepe, waombe namba ya kigeni iingizwe na mhudumu upande wao. Mara nyingi kizuizi kiko kwenye fomu ya mteja tu.

Mama Wawili, Minneapolis

Marahaba mdogo wangu, na ahsanteni nyote. Laini imewaka! Ila akaunti bado imefungwa. Fundi, nimewaandikia, wamejibu kwamba mdogo wangu anaweza kwenda tawini badala yangu, akiwa na hati ya uwakili iliyothibitishwa na ubalozi. Ubalozi uko Washington. Kuna aliyewahi kuipata kwa posta, bila kwenda mwenyewe?