MJADALA: Kitufe cha kuondoa kipo Ulaya. Sisi tudai, au tuhame Windows?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tukigusa habari za Windows, maombi ni yaleyale. Huyu anataka upau wa kazi uweze kuhamishiwa pembeni, jambo ambalo Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja bila hilo. Yule anataka matangazo ya programu yaliyoingizwa kwenye menyu ya Start mwaka 2024 yatoke. Mwingine amechoka kudaiwa akaunti ya Microsoft na intaneti kabla hajaiona hata skrini ya kwanza. Yote hayo nayaunga mkono. Ila leo naomba tubishanie jambo jingine, maana tunaomba baadhi ya vitu kana kwamba bado havijatengenezwa, na kumbe vimeshatengenezwa.

Umoja wa Ulaya una Sheria ya Masoko ya Kidijitali. Tarehe 6 Septemba 2023 Tume ya Ulaya iliitaja Windows kuwa miongoni mwa huduma zinazobanwa na sheria hiyo, na mwisho wa kutekeleza ulikuwa 7 Machi 2024. Tangu hapo mtu aliye katika nchi 30 za Eneo la Kiuchumi la Ulaya anaweza kuing'oa kabisa Edge, kivinjari cha Microsoft, na kuuondoa utafutaji wa mtandaoni wa Bing unaojitokeza unapotafuta faili lako mwenyewe kwenye kompyuta yako mwenyewe. Uingereza haimo. Sisi hatumo.

Windows inajuaje nani ni nani? Inaangalia nchi uliyochagua siku ya kwanza ulipoiwasha mashine. Ukichagua Tanzania, Kenya au Uganda, kitufe cha kuondoa hakionekani. Kuibadilisha nchi baadaye kwenye mipangilio hakusaidii mpaka ufute kila kitu na kuanza upya. Programu ni ileile, wakuu. Kilichotofautiana ni jina la nchi.

Windows 10 nayo iliishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetaka viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026 amewekewa njia tatu: alipe dola 30, au atumie pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, au akubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye seva zao. Mashirika ya watumiaji ya Ulaya yalipopiga kelele, watumiaji wa huko wakaondolewa hayo masharti, wakabakiziwa kuingia kwa akaunti tu.

Msimamo wangu: cha kwanza kuondolewa ni huo mpaka. Haki ya kuondoa usichokitaka ndani ya mashine uliyoinunua kwa pesa yako isitegemee umezaliwa bara gani. Swali langu kwenu: tudai, na tumdai nani? Au tuhame?

Fundi, Mwanza:

Mkuu, wewe umeanzia Ulaya, mimi naanzia mezani kwangu. Mashine ninazoletewa nyingi ni za mtumba, Intel kizazi cha 4 mpaka cha 7. Windows 11 kwa jumla inataka kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani prosesa zilizoanza kutoka 2017, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Memori wanataka GB 4 tu. Sasa nichukue mashine ya kizazi cha 6, niitie memori GB 8 na diski ya kasi ya SSD, inakimbia. Mwalimu anaandaa mitihani, mwenye duka anaweka hesabu, hakuna anayelalamika. Halafu inaambiwa haifai.

Edge mimi haininyimi usingizi. Mteja anaweka kivinjari anachokipenda, Edge inalala huko iliko. Sharti la prosesa ndilo la kuondolewa, kwa sababu hilo linaigeuza kuwa takataka mali ambayo mtu alijinyima miezi kadhaa kuipata. Waache wenyewe waandike onyo kwamba mashine hii haina kinga fulani, mwenye mali aamue.

Mlinzi wa mitandao, Nairobi:

Ndugu zangu, kwa hilo la kila mtu kujiamulia naomba niwapinge, na nitawapinga kwa nguvu.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, programu hasidi iitwayo WannaCry ikapitia tundu hilohilo. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilifungwa mafaili na wenyewe wakadaiwa fidia. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo siku zote hizo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, au waliokuwa bado na mifumo mikuukuu. Mashine isiyolindwa haimdhuru mwenyewe peke yake, inaambukiza ofisi nzima kwa jirani.

Hata akaunti mnayoilaani ina kazi yake. Mashine nyingi mpya za Windows 11 husimba diski zenyewe, yaani huzifunga zisisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa dharura ukahifadhiwa kwenye akaunti. Laptopu ikiibwa ndani ya matatu, mwizi anapata chuma, hapati barua zako za benki. Mtu wa kawaida hawezi kuyapanga hayo mwenyewe. Tukimpa vitufe vyote avizime, atavizima, kisha atalia.

Mleta mada:

Kaka wa Nairobi, kiraka cha usalama sijakikataa, na WannaCry ni hoja nzito. Lakini ona jinsi vitu viwili vilivyofungwa kwenye kifurushi kimoja. Kiraka cha kuziba tundu kinakuja mlango uleule unaoleta programu usiyoiomba, ikoni mpya na matangazo. Ndiyo maana watu wanazima vyote. Anayewafundisha kuogopa masasisho ni yule aliyeyachanganya na biashara yake.

Mwaka 2015 Microsoft ilikiri kwamba mafaili ya Windows 10, hadi GB 6, yalikuwa yakishushwa kimyakimya kwenye mashine za watu ambao hawakuyaomba. Juni 2016 habari ikatoka Chinko, hifadhi ya wanyama huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watu wanaopambana na majangili porini, kwenye intaneti ya setilaiti inayolipiwa kwa kila megabaiti, walikuta mashine yao inaivuta Windows 10. Mwaka huohuo wakala mmoja wa usafiri huko California, ambaye kompyuta yake ya kazi iliharibika baada ya kubadilishiwa mfumo bila ridhaa yake, alipewa dola 10,000 na mahakama, na Microsoft ikaiacha rufaa. Wa California alipata mahakama ya kumsikiliza. Wa Chinko alikuwa na nani?

Kwa hiyo cha kuongezwa nakisema wazi: milango miwili. Mmoja wa viraka vya usalama pekee, mwepesi, uje hata kila juma. Wa pili wa mapambo na programu, ufunguliwe na mwenye mashine tu, ukionyesha ni megabaiti ngapi kabla ya kuanza kushusha. Anayenunua bando la siku anajua vizuri kwa nini namba hiyo itangulie.

Mlinzi wa mitandao, Nairobi:

Milango miwili naikubali, kaka. Mashirika makubwa tayari hupanga masasisho yao kwa namna inayokaribia hiyo, kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Kwenye akaunti bado sijakubali.

Fundi, Mwanza:

Kwenye akaunti sikiliza hii. Mteja anakuja, mashine inadai ufunguo wa dharura. Namuuliza akaunti ni ya nani. Hajui. Aliyemwekea siku ya kwanza alitumia barua pepe yake mwenyewe ili amalize haraka, na sasa hapatikani. Picha za harusi, cheti cha mtoto, vyote vimefungwa humo. Usimbaji ni mzuri, nami nauheshimu, lakini mfumo ungemlazimisha mtu kuuandika ufunguo kwenye karatasi au flashi kabla ya kuendelea, akiwa na akaunti au hana. Skrini moja tu ya ziada. Ukiniuliza kitu kimoja cha kuongeza, nitasema hicho kabla ya kingine chochote.

Mwanafunzi, Arusha:

Shikamooni wakubwa. Mbona tunambembeleza mtu ambaye tunaweza kumwacha? Linux Mint au Ubuntu, mifumo huria inayoshika nafasi ya Windows, unaiweka kwenye flashi, unaijaribu bila kugusa diski, ukiipenda unaiweka. Hakuna akaunti, hakuna sharti la kizazi cha prosesa. Ubuntu 24.04 ina msaada wa kawaida hadi 2029, na mashine ya kizazi cha 4 ya fundi itaibeba.

Na sisemi kwamba huko hakuna dhambi. Oktoba 2012 Ubuntu 12.10 ilianza kuleta matokeo ya Amazon kila ulipotafuta kitu kwenye kompyuta yako. Watu walikasirika, na kufikia toleo la 16.04 jambo hilo lilikuwa limezimwa tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba kule, asiyekubali hakusubiri sheria ya Umoja wa Ulaya. Alihamia toleo jingine siku hiyohiyo, mafaili yake yakiwa palepale.

Mhasibu, Dar es Salaam:

Marahaba mwanangu. Unasema kweli kwa mtu anayetumia kivinjari na kuandika barua. Ofisini kwetu programu ya hesabu inakubali Windows tu, na printa ya stakabadhi nayo hivyohivyo. Nikihama, nahama na mafaili ya miaka kumi na wafanyakazi sita wa kufundishwa upya. Ninyi vijana hameni, nawaombea heri. Mwenye mizigo aachiwe haki ya kukaa bila kusumbuliwa.

Mwalimu wa Kiswahili, Tanga:

Naona tumejaza ya kuondoa tu. Niseme la kuongeza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyosema Kiswahili kitupu kwenye menyu zake. Walikaa wakabishana kuhusu istilahi, neno kwa neno. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba lugha yetu haitoshei kwenye skrini.

Ninalolitaka ni sauti. Nina wanafunzi wasioona. Microsoft yenyewe imeshatengeneza sauti za Kiswahili kwenye huduma zake za mtandaoni: Rehema na Daudi kwa lafudhi ya Tanzania, Zuri na Rafiki kwa ya Kenya. Zimetengenezwa tayari, na zinasoma vizuri kiasi kwamba mtoto anamaliza ukurasa bila kuchoka. Basi zije na mfumo, zikae ndani ya mashine, zisome bila bando. Leo mwanafunzi wangu anategemea sauti za bure za eSpeak, na nawashukuru waliozitengeneza kwa kujitolea, lakini zinamsomea shairi kama anayesoma namba za simu. Hili nalo ni lile la mleta mada: kitu kipo, hakijawekwa tunapokihitaji.

Mwanasheria, Kampala:

Mleta mada aliuliza tumdai nani. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Zinafaa kwenye taarifa zinazochukuliwa, lakini kitufe cha Ulaya hakikutoka huko. Kilitoka kwenye sheria ya ushindani wa soko. Kwa hiyo mlango wa kubisha ni wa mamlaka za ushindani, na tungebisha kwa pamoja kama Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sababu nchi moja moja haimtishi mtu.

Ila msidharau kelele za watumiaji. Windows 8 ilikuja 2012 bila kitufe cha Start, na mwaka uliofuata kikarudishwa katika 8.1. Recall, ile huduma ya Windows ya kupiga picha skrini yako kila baada ya sekunde chache, ilitangazwa 20 Mei 2024. Juni ikasimamishwa, ikabadilishwa iwe ya anayeiwasha mwenyewe, na ikatoka rasmi Aprili 2025. Hapo hakimu hakuhusika. Tena serikali zetu na vyuo vyetu ndio wanunuzi wakubwa: sharti la kitufe cha kuondoa likiandikwa ndani ya zabuni, muuzaji atalisoma.

Mswahili, Hamburg:

Mimi kitufe ninacho. Edge nimeiondoa na hakuna kilichovunjika, kwa kuwa ile sehemu ambayo programu nyingine zinaitegemea, WebView2, inabaki. Nikija Mombasa likizo na laptopu hii, kitufe kinakuja nami, maana iliwashwa mara ya kwanza Ujerumani. Ya mdogo wangu pale nyumbani haina. Tumekaa meza moja, tukaziweka pamoja, tukalinganisha. Aliniuliza kwa nini, nikakosa jibu la kumpa.

Fundi, Mwanza:

Subirini kidogo. Kwa hiyo nikiwa naweka Windows upya, nikachagua Ireland mwanzoni, kisha baadaye nikarudisha saa na sarafu za Tanzania, mteja wangu anapata haki za Mwairishi?

Mswahili, Hamburg:

Kwa kitufe cha kuondoa, ndiyo. Kinafuata nchi ya siku ya kwanza.

Mwanasheria, Kampala:

Fundi, usilifanye bila mteja kujua. Mashine ni yake, na jina la nchi linaloandikwa humo linamsemea yeye.

Mleta mada:

Nami naliogopa kwa sababu nyingine. Tukishajificha ndani ya Ireland, nani atabaki Tanzania wa kudai?

Fundi, Mwanza:

Nimewaelewa wote wawili. Jumatatu naletewa mashine kumi na mbili za shule moja ya sekondari, zote kizazi cha 8, zote za kuwekwa upya. Nitamwita mwalimu mkuu, nimfungulie ile skrini ya kuchagua nchi, nimweleze kila kitu kama mlivyonieleza hapa, na achague mwenyewe. Nitarudi kuwaambia alichochagua.