Pikapu ya kazi: manyuo au otomatiki?

Kiraka
Habari za humu wakuu. Kuna mtu anauza pikapu mbili, mwaka mmoja, injini moja, kilomita zinakaribiana. Moja manyuo, ya kubadilisha gia kwa mkono, nyingine otomatiki. Anataka jibu wiki hii maana kuna mteja mwingine anazimezea mate. Nichukue ipi? Wazoefu nisaidieni.

Spana13
Manyuo. Uzi ufungwe.

DadaTrela
Usifungwe kwanza. Kiraka kaka yangu, hujatuambia kitu. Dizeli au petroli? Foo-wili au ya kusukuma nyuma tu? Utabeba nini? Utavuta trela? Usukani utashika wewe au dereva wa kuajiri? Njia yako ni lami, mchanga au milima?

Spana13
Hata akijibu yote hayo, manyuo. Klachi ikiisha unashusha giaboksi, unaweka pleti, presha na relizi bearingi, jioni upo barabarani. Otomatiki ikiamua kugoma hata fundi anaanza kukuna kichwa.

GiaYaTano
Spana, hiyo ni klachi ya enzi zako. Dizeli nyingi za sasa zina flaiwili, lile gurudumu zito klachi inapokaa, ya vipande viwili yenye springi katikati, ya kumeza mtetemo wa injini. Ikichoka inagonga injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, na mara nyingi inabadilishwa pamoja na klachi. Uliza bei ya hiyo flaiwili kabla hujaanza kujisifu.

Kiraka
Dizeli, foo-wili. Mzigo wa kawaida tu.

DadaTrela
Wa kawaida ndio upi? Kuna ambaye kwake kawaida ni magodoro, mwingine ni kokoto mpaka springi zimenyooka.

MzeeUsukani
Vijana, niwasimulie lililonikuta, mtu asinunue otomatiki iliyotumika kwa kuangalia rangi ya bodi.

Nilikuwa na pikapu ya otomatiki, jina la kampuni halina haja. Nilivuta nayo trela miaka kadhaa bila shida. Siku moja napanda mlima naona gia inapanda na kushuka yenyewe, mara tatu, mara nne, na gari inatetemeka kama inapita juu ya matuta ya rasta, wakati lami imenyooka. Nikasimama. Maji ya rejeta yamepungua, lakini chini hakuna hata tone. Nikaongeza maji, nikaendelea. Kesho yake yamepungua tena, na bado chini pakavu.

Fundi wa kwanza alisema ni gasketi ya silinda hedi. Tukafungua, hedi nzima. Fundi wa pili hakugusa injini. Alichomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akafuta kwenye karatasi nyeupe, akanionyesha. Oili ya giaboksi inatakiwa iwe nyekundu na uweze kuona upande wa pili. Ile ilikuwa ya waridi, nzito, ina povu. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi ya otomatiki inapozwa ndani ya rejeta, kwenye kibomba chake kinachozungukwa na maji. Kibomba changu kilipasuka kwa ndani, maji yakaingia kwenye oili. Yale mapleti ya ndani ya giaboksi yana kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, na maji yanaibandua gundi. Tulimwaga na kusuuza, tukamwaga tena. Haikusaidia, giaboksi ikafa.

Kwa hiyo ukiwa na otomatiki ya kuvuta mzigo, weka kipoza oili cha nje, kisipite kwenye rejeta kabisa. Au badilisha rejeta mapema.

Spana13
Asante mzee. Nilisema nini mimi?

GiaYaTano
Iliyomuua ni rejeta, si giaboksi. Na hii hadithi ya "oili ya maisha", kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi kamwe, ndiyo inayomaliza giaboksi nyingi. ZF wanaotengeneza otomatiki ya gia 8 iliyomo kwenye Volkswagen Amarok ya kizazi cha kwanza wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8. Ukivuta trela kila siku, usingoje huko. Joto ndilo linalochoma oili, na joto kubwa linazaliwa kwenye toko konvata, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inapoteleza kabla haijajifunga, hasa ukitambaa mlimani na mzigo.

Kiraka, waulize oili ilibadilishwa lini. Wakikujibu "haijawahi kusumbua", ujue haijawahi kuguswa. Na usishangae ukikosa kijiti, gari nyingi mpya zinapimwa kwa kufungua nati ya pembeni oili ikiwa kwenye joto maalumu.

Bonde_Ufa
Kuna kitu hamkigusi. Hilux ya lita 2.8 baada ya maboresho ya 2020 inatoa Nm 500 za nguvu ya kuzungusha ikiwa otomatiki, lakini manyuo inabanwa kwenye Nm 420. Injini ileile! Ukinunua manyuo unalipia nguvu ambayo kompyuta imeifungia. Ford Ranger nayo kuna otomatiki ya gia 10, manyuo ya gia 10 nani atabadilisha? Mkono utachomoka begani.

Spana13
Na betri ikilala porini? Manyuo nasukuma, naachia klachi kwenye gia ya pili, nakwenda. Wewe na Nm zako 500 utalala hapo na fisi.

Bonde_Ufa
Betri ikilala kabisa, dizeli ya kisasa ya kompyuta haiwaki hata ukiisukuma mpaka mpakani. Kompyuta na nozeli zinataka umeme. Labda zile za zamani za pampu ya mitambo. Siku hizi tembea na waya za kuchajia, acha kutembea na vijana wa kusukuma.

Spana13
Kulala kabisa na kushindwa kuzungusha starta ni vitu viwili. Betri ikiwa dhaifu, taa za dashibodi zinawaka na starta inalia "tk tk", manyuo inaondoka. Nimeondoka nayo.

DadaTrela
Hapo Spana yuko sahihi, na inaniuma kusema hivyo.

Mimi navuta trela. Kwenye mchanga na tope otomatiki ni tamu, kwa sababu ukibadilisha gia nguvu haikatiki. Manyuo ukikanyaga klachi tu kwenye mchanga mzito, gari imeshasimama na imeshazama. Na kurudisha trela nyuma kwenye mwinuko kwa manyuo ndiko klachi zinakofia. Harufu unaipata kabla hujamaliza kona. Dawa ni kuweka foo-wili ya lo, ile ya mwendo wa taratibu wenye nguvu, ila usikate kona kali ukiwa kwenye lami kavu, ekseli zinabanana.

Kwa dereva wa kuajiri, ningechukua otomatiki. Mguu wa mtu juu ya klachi siku nzima huuoni ukiwa ofisini.

Mteremko
Kushuka manyuo haina mpinzani. Mimi nikifika kilele natia nyutro, inateleza yenyewe mpaka chini, mafuta hayaendi.

GiaYaTano
Mteremko!! Usimfundishe mtu hivyo. Ukiwa ndani ya gia na mguu nje ya mafuta, injini za sindano za kompyuta zinakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia nyutro lazima ichome mafuta ili isizime. Na uzito wote unabaki kwa breki peke yake. Na otomatiki pia unashusha, weka 2 au L, au sogeza kwenye M uishikilie gia ya chini.

Mteremko
Gari yangu ni ya kabureta, si ya kompyuta.

GiaYaTano
Basi breki zikichemka kabureta itakusaidia nini?

Kiraka
Wakuu naona tumefika mbali. Nilisahau kusema, mke wangu naye ataiendesha, na leseni yake ni ya otomatiki tu.

DadaTrela
Kiraka!! Hilo ndilo la kuanza nalo. Kuna nchi, Uingereza ikiwemo, ukifanyia mtihani kwenye otomatiki hauruhusiwi kugusa manyuo. Ataendesha mara ngapi? Na trela lipo au halipo?

Spana13
Afanye mtihani mwingine. Manyuo.

MzeeUsukani
Muulize muuzaji akuruhusu uchomoe kijiti ukiwa na karatasi nyeupe mkononi. Akikataa, ondoka.

Mteremko
Nyie, breki zangu ni ngoma nyuma, diski mbele. Diski ndizo zinazochemka?

GiaYaTano
Zote zinachemka, ila ngoma zinapoa taratibu. Fungua uzi wako tukuelekeze, huu ni wa Kiraka.

Mteremko
Kiraka mwenyewe amekimbia.