Siku moja kwa baiskeli katika milima ya Vogelsberg: nianzie upande gani?

Mkaazi_wa_Main ameuliza:

Ndugu zangu mnaoishi Ujerumani, hamjambo. Ninaishi Frankfurt, na huenda kazini kwa baiskeli kandokando ya mto Main, ambako njia ni tambarare kabisa. Sasa natamani kutumia siku moja ya mapumziko kupita mashambani, kwenye vilima na vijiji, kwa baiskeli ya kawaida isiyo na mota, yenye gia saba tu. Nimesikia habari za Vulkanradweg, njia ya baiskeli inayokatiza Vogelsberg. Je, mtu asiyezoea milima anaiweza, na ni busara kuanzia upande gani?

Bi_Fulda amejibu:

Unaiweza, ndugu yangu, na sababu imo katika historia ya njia yenyewe. Sehemu yake kubwa imejengwa juu ya tuta la reli ya zamani, na kwa kuwa garimoshi haliwezi kupanda mwinuko mkali, reli ilizungushwa taratibu kwenye miteremko, hata leo mwendesha baiskeli anapanda kwa muda mrefu bila kulazimika kushuka na kusukuma.

Njia nzima, kutoka Altenstadt hadi Schlitz, ina kilomita 94, lakini usiing'ang'anie yote kwa siku moja. Panda treni ya mkoa hadi Fulda, kisha ubadilishe kwenda Lauterbach na uanzie hapo. Lauterbach iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya njia, Hartmannshain, iko karibu mita 570. Ukianzia Stockheim, upande wa pili, utapanda zaidi ya mita 400. Kwa hiyo ukianzia Lauterbach kazi ngumu utaimaliza mapema ungali na nguvu, ukipitia Herbstein na Grebenhain, kisha utateremka kwa muda mrefu kupitia Gedern na Ortenberg hadi Stockheim, ambako kuna treni ya kurudi Frankfurt.

Gia_Ndogo amejibu:

Hesabu ya Bi Fulda ni sahihi, ila ningeongeza jambo la upepo. Huko juu upepo huvuma mara nyingi kutoka magharibi, na anayetoka Lauterbach anaelekea kusini-magharibi, hivyo katika mashamba ya wazi huweza kulazimika kukanyaga pedali kwa bidii hata kwenye mteremko. Tazama utabiri wa hali ya hewa siku iliyotangulia. Upepo ukiwa mkali, geuza safari bila kusita. Beba pia koti jepesi, kwa maana huko juu kuna baridi na mvua kuliko bondeni.

Tena, njia ya reli hupita mara nyingi katikati ya miti, na macho hayapati mengi. Mimi naona ni hasara kufika Hartmannshain bila kupanda Hoherodskopf, mita 763, ambako siku ya anga safi unaona hadi maghorofa ya Frankfurt. Barabara hiyo ni kali kweli, na kwa gia saba huenda ukasukuma kidogo, lakini ndipo utakapoelewa kwamba milima hii yote ni masalio ya volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita.

Mama_Tandiko amejibu:

Chagua Jumamosi, mwanangu. Jumapili maduka ya vyakula hufungwa, na duka la mikate la kijijini, likifunguliwa, hufunguliwa kwa saa chache za asubuhi tu. Kwenye treni za mkoa za eneo letu baiskeli hailipiwi nauli, lakini huchukuliwa endapo kuna nafasi, kwa hiyo ondoka alfajiri kabla mabehewa hayajajaa. Kwenye mteremko usishike breki mfululizo. Bana, achia, kisha bana tena, ukitumia zote mbili.

Ukifika Stockheim mapema, nenda Glauberg, ni karibu. Kuna makumbusho yenye sanamu ya mawe ya mtawala wa Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, iliyofukuliwa mwaka 1996 ikiwa karibu nzima.