Wazazi wa mbio: mwili ukifika nyumbani, akili mwaifikishaje? Tupeane uzoefu

Mama Watatu: Nauza nguo sokoni Kongowea, hapa Mombasa. Natoka alfajiri, narudi magharibi. Watoto wanihadithia mambo ya shule, mimi naitikia "eeh" huku nahesabu madeni. Wenzangu mwafanyaje?

Baba Lulu: Dada, umenigusa. Nafanya zamu bandarini Kilindini, na hata nikilala kichwani makontena bado yashuka. Sasa nikifika Changamwe siingii ndani moja kwa moja. Navua viatu, nakaa barazani, miguu kwenye saruji baridi. Navuta pumzi, kisha naitoa polepole zaidi ya nilivyoivuta, mpaka moyo utulie. Ndipo napiga hodi.

Bibi wa Kibokoni: Pumzi peke yake haitoshi, baba. Mpe mtoto unga akande mahamri nawe. Mikono ikijaa unga, simu utaishikaje?

Mwana wa Chuoni: Haya mazoezi ya kigeni ya nini? Sisi tuna khushuu, ule unyenyekevu wa moyo ndani ya swala. Mwenye kuswali kwa utulivu hata nyumbani atatulia.

Muuguzi Tudor: Ndugu yangu, khushuu sikatai. Lakini hayo mazoezi ya kigeni, kozi ya wiki 8 ya kuituliza akili ("mindfulness") aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 kule Massachusetts, Marekani, ilikuwa ya wagonjwa wenye maumivu sugu. Kweli alijifunza kwa Wabudha, ila kozi yenyewe haina ibada. Zoezi lao moja ni kula zabibu kavu moja tu: uitazame, uinuse, uitafune taratibu. Mimi na wanangu twalifanya kwa tende.

Mwana wa Chuoni: Kwa tende sina neno. Mfundishe na Bismillahi.

Mama Salim: Niacheni niseme langu. Ilikuwa jioni, feri ya Likoni, upande wa kisiwani, watu wamejaa mpaka nje. Lango lilipofunguliwa umati ukatusukuma mteremkoni, na mkono wa mwanangu ukanichomoka. Ana miaka minne. Nikapiga yowe, hata sauti yangu sikuisikia kwa honi na kelele za wachuuzi. Miguu yataka kukimbilia majini. Akaja mama mmoja mtu mzima, simjui, akanishika mabega: "Simama. Vuta pumzi. Sasa tazama chini." Nikasimama, watu wanipiga vikumbo. Nikatazama chini: ndala, buti, gurudumu la mkokoteni, kikapu cha samaki, ndala tena. Kisha pembeni, karibu na ukuta, viatu viwili vidogo vya rangi ya chungwa. Kajibanza nyuma ya mkokoteni wa madafu, halii, kaushika ukuta. Feri ikaondoka, sisi tukakaa pale pale chini, namnusa kichwa. Simu ya kazini yalia, sikuigusa. Tangu siku ile, kichwa kikianza mbio namtazama miguu, nawe waona akili inarudi.

Baba Lulu: Subhanallah. Nasoma huku machozi yanitoka.

Mpita Nyali: Mtoto wa miaka minne saa ya msongamano? Mngengojea watu wapungue.

Mama Salim: Wangojea mpaka saa ngapi, nawe una mtoto ana njaa?

Fundi Mtongwe: Wewe wapita darajani na gari lako. Feri kwa mguu ni bure, barabara ya Dongo Kundu ni mzunguko na nauli. Usimhukumu mama wa watu.

Mpita Nyali: Sikumhukumu. Basi amfunge leso mgongoni.

Fundi Mtongwe: Mgongoni, na mizigo abebe nani?

Tuktuk Bombolulu: Mimi simu naifungia kabatini mpaka watoto walale.

Muuguzi Tudor: Sisi wa hospitali hatuwezi, twaitwa usiku. Naibakisha mlio tu, naiweka mbali na mkeka.

Mama Watatu: Mama Salim, Mungu akutunzie. Bibi, ya unga nitaijaribu. Kwa watoto watatu nitie kiasi gani? Nikande alfajiri?

Bibi wa Kibokoni: Alfajiri utaukanda peke yako, mwanangu. Ngoja ufike. Nusu kilo, tui zito, iliki uitwange wewe, wao wakande. Uumuke mkioga na kuswali, mchome baada ya Isha.