Apu ipi ya bure ya kutafuta mchumba? Naombeni ushauri

binti_makao_makuu
Habari zenu wakuu. Mimi ni dada wa miaka 31, nipo Dodoma, nilihamia huku kwa ajili ya kazi na sina ndugu wala watu wengi ninaowajua zaidi ya wa ofisini, na wa ofisini siwataki kabisa kwa mambo haya. Nataka nijaribu kutafuta mchumba mtandaoni, mtu wa kueleweka, ila sitaki kulipia. Nimesikia Tinder, Badoo, Facebook Dating. Kuna na tovuti nyingine inajitangaza sana kwamba ni bure, nikajisajili, muda si muda meseji kibao za wanaume, lakini kila nikitaka kusoma inasema nunua krediti kwanza. Ndivyo zilivyo zote? Na mtu unajuaje kama uko salama?

Mdau_wa_Iringa
Dada toka kwenye hiyo tovuti leo leo. Na ukitoka ingia kwenye setingi ufute akaunti yenyewe, maana ukifuta apu tu kwenye simu profaili yako na picha zinabaki kule wanaendelea kuzitumia.

Kuna bure ya kujisajili na kuna bure ya kutumia, hivi ni vitu viwili. Tinder hulipi kuchati, mkipendana wote wawili mnaandikiana, kinacholipiwa ni vitu kama kuona nani kakupenda kabla wewe hujampenda. Badoo na Bumble nazo unaweza kuchati bila kulipa. Ile inayokufungia meseji mpaka ununue krediti usiiamini hata kidogo, mara nyingi huyo anayekuandikia sio mtu. Ashley Madison, ile tovuti ya kutafuta wapenzi wa nje ya ndoa, ilipodukuliwa 2015 data za mamilioni ya watu zikamwagwa mtandaoni, na ikaja kuonekana wanaume wengi walikuwa wanalipa kuchati na profaili feki za kike zinazoendeshwa na roboti. Hata makampuni makubwa sio malaika, 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni inayomiliki Match, tovuti ya kutafuta wachumba, ikidai watu walikuwa wanatumiwa matangazo ya "kuna mtu kavutiwa na wewe" kutoka akaunti ambazo kampuni yenyewe ilishazishuku ni za matapeli, ili walipie.

Kwa hiyo chagua apu yenye watu wa Dodoma. Fungua, weka umbali mdogo, kaa siku mbili tatu uangalie bila haraka. Ukiona sura zinajirudia au wote wako Ulaya, hamia nyingine.

wakala_tegeta
Mimi ni wakala wa pesa za simu nina la kusema hapa kwa sababu nayaona kila siku dirishani. Mtu akikupa namba yake, anza kama unamtumia pesa, kabla hujaweka namba ya siri jina lililosajiliwa linatokea, lisome halafu kansel. Kakwambia yeye ni injinia anaitwa Fulani na jina limekuja la mtu mwingine kabisa, hapo una haki ya kuuliza.

Lakini mdogo wangu kumbuka hilo jina na lako linatokea hivyo hivyo. Ukimpa namba ya laini yako ya kazini tayari kajua majina yako kamili, anaingia Facebook anaona unafanya kazi wapi na mama yako ni nani. Chatini humo humo kwenye apu kwanza. Mkifika pa kupeana namba mpe ya laini nyingine usiyoitumia kwa benki.

Na hela, jamani hela. Kuna mama mmoja alikuja kwangu anataka kutuma laki nane, mchumba yuko Uingereza kamtumia mzigo wa zawadi, simu na dhahabu, umekwama uwanja wa ndege unatakiwa kulipiwa ushuru, kapewa namba ya "ofisa wa forodha". Nikamwambia mama, TRA hawapokei ushuru kwenye namba ya mtu, wanakupa kontrol namba inayoanza na 99 unalipia serikalini. Akanikasirikia, akaenda kwa wakala wa jirani akatuma. Iliniuma sana. Siku hizi kuna na wale hawaombi kitu, wanakuonyesha tu faida zao za kripto wiki nzima mpaka wewe mwenyewe ndio unaomba uingizwe, kumbe ni mwizi yule yule.

Chuma_Tanga
Mke wangu tulikutana Badoo, sasa hivi tuna watoto wawili. Usikate tamaa dada.

mwana_likoni
Dadangu, mimi nakuandikia kutoka Mombasa. Januari 2024 huku Kenya tulizika wasichana waliouawa kwenye nyumba za kupangisha za Airbnb, mmoja wao muuaji walijuana mtandaoni, na tarehe 27 mwezi huo wanawake wakaingia barabarani Nairobi na miji mingine. Tangu hapo mimi na shoga zangu tuna masharti na hatuoneani haya. Mara ya kwanza ni mchana, mahali penye watu, hakuna kwake, hakuna chumba, hakuna "nakuja kukuchukua kwenu". Unaenda na boda yako na unarudi na yako. Picha yake na namba yake anazo rafiki kabla hujatoka, na WhatsApp unamtumia mahali ulipo ile ya moja kwa moja, unaweza kuiweka ikae hadi masaa manane. Kinywaji ukikiacha kwenda msalani, ukirudi agiza kingine.

Na kabla ya yote vidio koli. Asiyetaka kuonekana uso wiki zote hizo simwelewi. Picha zake zipitishe kwenye Google Lens uone kama ni za mtu mwingine. Kama wewe ni Muislamu iko Muzz, hiyo unaweza kumuweka walii wako awe anaona mnayoandikiana.

binti_makao_makuu
Asanteni sana, akaunti nimeshaifuta. Kuna mmoja wa kule alishachukua namba yangu, ameanza kuniomba picha za faragha, sijatuma.

mwana_likoni
Usitume, na mbloku. Akianza vitisho usimlipe hata shilingi, piga skrinishoti uende nazo polisi, nyinyi mna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Yeyote anayesoma hapa na alishatuma, iko tovuti inaitwa StopNCII, inatengeneza alama ya hiyo picha ndani ya simu yako bila picha yenyewe kutoka, kisha Facebook, Instagram na wengine walioungana nao wanaizuia isipandishwe.

binti_makao_makuu
Nimembloku. Wakala, na kama jina likija tofauti lakini mtu mwenyewe anaonekana muungwana?

wakala_tegeta
Wapo wanaotumia laini iliyosajiliwa na ndugu, usimhukumu hapo hapo. Muulize ni ya nani. Halafu kwenye vidio koli mwambie akuonyeshe kitambulisho cha NIDA akiwa ameifunika namba kwa kidole, na wewe umuonyeshe chako hivyo hivyo.