Barua kuhusu dawa za presha za mama: nimwandikie Waziri au nani?

binti_wa_makete
Habari za leo wapendwa. Mama yangu ana miaka 68, yuko kijijini Makete, anaumwa presha mwaka wa sita sasa. Ana kadi ya wazee ya matibabu bila malipo. Tangu Februari kila akienda zahanati anapimwa, anaandikiwa, halafu anaambiwa dawa hakuna, akanunue mjini. Bodaboda kwenda na kurudi ni 14,000, hajagusa hata kidonge. Mwezi wa tano alikaa siku 11 bila dawa, tukamkuta ameanguka jikoni.

Nimemwandikia Waziri wa Afya kurasa tatu, kuhusu wazee wote wa nchi hii. Kaka amesoma akasema haitafika popote. Kuna aliyewahi kuandika akajibiwa?

nesi_mstaafu
Pole sana mwanangu, umpe pole na mama. Nimefanya kazi zahanati miaka 27. Barua za namna hiyo nimeziona zikishushwa kutoka juu, miezi imepita, zinatua mezani kwa mganga mfawidhi (mkuu wa zahanati) yule yule aliyesema dawa hakuna.

Zahanati ni ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara ya Afya inatunga sera na miongozo. Kwa hiyo kwanza uliza: dawa ya mama haijaletwa, au hairuhusiwi ngazi ya zahanati? Orodha ya taifa ya dawa muhimu ina herufi. A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, na kuendelea juu. Dawa ya A ikikosekana, shida ni maoteo (makadirio ya dawa zitakazohitajika), au fedha, au MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, hawakuwa nayo, na wa kuulizwa ni Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Ikiwa ni ya juu zaidi, hapo ndipo unaandika wizarani.

vto_kijijini
Naongezea. Pitishia kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Diwani, maana Diwani ndiye mwenye sauti kwenye Baraza la Madiwani. Ukurasa mmoja tu. Andika tarehe zote alizorudishwa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, bila huo watakwambia hawajaiona.

binti_wa_makete
Asanteni sana. Nimempigia mganga mfawidhi, ameniambia bila kunificha. Mama ana vidonge vya aina mbili. Kimoja ni cha A, kimeagizwa mara mbili hakijafika. Cha pili alianzishiwa hospitali ya wilaya, zahanati hawaruhusiwi kukiagiza. Kumbe ni barua mbili!

Ya Mkurugenzi nimeanza hivi: "YAH: KUKOSEKANA KWA DAWA YA SHINIKIZO LA DAMU KATIKA ZAHANATI YA KIJIJI CHETU TANGU FEBRUARI." Naomba aeleze oda zile mbili zimekwama wapi. Ya wizarani sijui niombe nini.

nesi_mstaafu
Omba hivi: mgonjwa aliyeanzishiwa dawa wilayani na presha yake imetulia, aruhusiwe kuchukua dawa za kila mwezi zahanati ya kwao, wilayani arudi kwa uchunguzi tu. Eleza nauli ile ya 14,000 na zile siku 11. Usiseme sera imekufa. Mwambie Waziri mama yako ana kadi, na kadi hiyo inaishia wapi.