Malalamiko: Mkataba mmoja wa shamba una ekari 5, hekta 2.5 na mita za mraba 2,500, na muuzaji haoni tatizo

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba wapima ardhi na wanasheria waliomo humu wausome hadi mwisho kabla ya kunishauri nikae na wahusika tuyamalize.

Kampuni moja ya kuuza ardhi, ambayo sitaitaja, ilitangaza mashamba mkoani Pwani kwa maneno haya: "Ekari 5, sawa na hekta 2.5." Bei ilipangwa kwa ekari, tukalipa, na mkataba ukaandikwa. Ukurasa wa kwanza wa mkataba huo unataja ekari 5, jedwali la eneo linataja hekta 2.5, na kiambatisho kinachoeleza mipaka kinasema shamba lina "mita za mraba 2,500". Ramani ya upimaji ilipotoka ilionyesha hekta 2.023. Kwa hiyo shamba ni moja, lakini maeneo yaliyoandikwa ni matatu yasiyolingana, na mtu aliyeandaa karatasi hizo bado ananiambia kwamba "ni vipimo tofauti tu, ardhi ni ileile".

Ardhi si ileile hata kidogo. Hekta 1 ni eneo la mita 100 kwa mita 100, yaani mita za mraba 10,000, hivyo hekta 2.5 ni mita za mraba 25,000. Aliyeandika 2,500 alizidisha kwa 1,000, pengine kwa mazoea ya kilo na gramu, akaliondoa shamba katika ukubwa wake na kulifanya kipande cha mita 50 kwa 50. Sifuri moja imemeza sehemu tisa kati ya kumi za nilichonunua, na hati hiyo ina mihuri na sahihi za mashahidi!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo hili lilifundishwa shule ya msingi. Tuliimbishwa ngazi ya kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita na milimita, tukaambiwa kila hatua ni kumi. Hiyo ni ngazi ya urefu. Ukija kwenye eneo, pande zote mbili zinabadilika kwa pamoja, kwa hiyo kila hatua inakuwa mia: mita za mraba 100 ni ari moja (eneo la mita 10 kwa 10), ari 100 ni hekta moja, na hekta 100 ni kilomita moja ya mraba. Mita moja ya mraba, vilevile, ina sentimita za mraba 10,000, wala si 100. Fundi wa vigae anayeijua kazi yake hakosei hapa, kwa sababu anajua kwamba kigae cha sentimita 40 kwa 40 ni mita za mraba 0.16, na kwamba chumba cha mita 4 kwa 5 kitakula vigae 125 kabla ya kuhesabu vya kukata. Inakuwaje ofisi inayouza mashamba ishindwe na hesabu ambayo fundi anaifanya akiwa amepiga magoti sakafuni?

Sasa tuje kwenye hizo ekari, kwa maana hapo ndipo walipojificha. Nilipodai upungufu nilijibiwa kwamba nilinunua ekari 5 na nimepewa ekari 5. Ni kweli kwamba ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, na ekari 5 ni takriban 20,234, ambazo ndizo hekta 2.023 za kwenye ramani. Lakini basi hekta 2.5 za kwenye tangazo zilitoka wapi? Nadhani zilitoka kwenye ule mtindo wa mtaani wa "sabini kwa sabini". Ekari ina yadi za mraba 4,840, na hatua 70 kwa 70 zenye urefu wa yadi moja kila moja zinatoa 4,900, kwa hiyo kama makadirio ya miguu mtindo huo haukuwa mbaya. Ubaya unaanza pale mtu anapoziita hatua hizo mita: mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, na mara tano yake ni 24,500, ambayo ukiikaribisha inakuwa hekta 2.5. Wakati wa kutangaza walitumia ekari ya mita 70, na wakati wa kukabidhi wakatumia ekari ya mpima. Tofauti ya 25,000 na 20,234 ni mita za mraba 4,766, yaani zaidi ya ekari nzima, au karibu viwanja 12 vya 20 kwa 20.

Afisa mauzo alijaribu kunituliza kwa ramani ya kipimo cha 1:5,000. Akaeleza kwamba sentimita moja ni mita 50, jambo ambalo ni sahihi, kisha akaongeza kwamba kila sentimita ya mraba kwenye karatasi ni mita za mraba 50. Ni 2,500, ndugu yangu. Hamsini mara hamsini.

Madai yangu kwao ni mawili. Mkataba urekebishwe, eneo liandikwe kwa mita za mraba peke yake kama lilivyopimwa, pamoja na urefu wa kila upande kutoka jiwe la mpaka hadi jingine. Pili, warejeshe fedha za mita za mraba 4,766 walizozitangaza na hawakuzikabidhi. La kwanza wamelikubali kwa mdomo, la pili wamelikataa katakata.

Swali kwa wanasheria: mkataba unapotaja maeneo matatu yanayopingana, na tangazo lililochapishwa lipo mkononi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hulipa uzito lipi? Na kwa wapima: je, mnaweza kuandika taarifa ya kitaalamu inayoeleza ubadilishaji huu wa vizio ili niiambatanishe na shauri, au mpaka baraza liiombe lenyewe?